Sahani ya Kanisio

Kaka yangu Otmari alikuja kwangu Jumapili iliyopita na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Arobaini ya baba ilikuwa imekwisha kijijini, vyombo vya nyumba vimeshagawanywa, na mimi sikuweza kwenda kwa sababu ya mguu unaoniuma. "Nimekuletea fungu lako," akasema. "Nilijua hutataka kingine." Nikapapasa ukingo juu ya gazeti nikajua ni nini kabla sijafungua. Sahani ya bati, nyeupe, ukingo wa bluu, imebanduka rangi sehemu mbili.

Tukiwa bado tunaitazama, risasi zikalia chumba cha pili. Ni mwanangu na simu yake. Ana miaka kumi na minne na amepata gemu jipya la vita, limetolewa kwenye sinema ambayo vijana wote wa mtaa huu wanaiongelea. Otmari, mtu mzima na mvi zake, akainuka, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka kelele zikaisha. Mwanangu akatoka na simu mkononi. "Mama, wenzangu wanasema hili ni la wakubwa. Hebu liangalie. Linanifaa au halinifai?"

Nikamwambia asubiri kwanza. Niliingia jikoni, nikaanza kuchagua mawe kwenye maharage yasiyo na mawe.

Wenzangu mliokulia milimani Mbinga miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mtanielewa haraka, maana sengu mnaijua. Kwa asiyeijua: wanaume wa ukoo mmoja na vijana wao wanakula pamoja kwa babu, kila jiko linapeleka chakula chake, na baada ya kula mambo ya ukoo yanazungumzwa hapo hapo, mikono bado inanuka mboga. Koo nyingi wakati huo zilikuwa zimeshaacha, kila mtu na mlango wake na meza yake. Babu yangu hakuacha ng'o. Sisi wasichana wadogo kazi yetu ilikuwa kubeba sahani kutoka majikoni kwenda sengu na kuzirudisha. Ndiyo sababu nilikuwa najua kila kitu, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa haujui kukaa na kitu.

Chakula cha sengu hakina mwenyewe. Kikishawekwa pale ni cha wote. Isipokuwa sahani moja tu, hii ya ukingo wa bluu, iliyotoka kwa Bibi, Mama Kanisio, jirani yetu na shangazi yake baba. Bibi alikuwa mjane, hakuwa na mwanamume nyumbani, hivyo hakudaiwa kupeleka chakula. Lakini kila jioni alipeleka. "Ya Kanisio hiyo," alikuwa akiniambia, "waambie wasiimalize, amekaribia." Ugali, maharage, na akibahatika, wale dagaa wa ziwani tunaowaita usipa, ambao akina mama wa Mbamba Bay walipanda nao milimani kuwauza. Kanisio alipenda usipa. Babu alikuwa akiipokea ile sahani kwa mikono miwili, anaiweka kando yake, na watu wakishamaliza kula anatusukumia sisi watoto wabeba sahani. Tuliila yote. Mimi niliamini Kanisio ni mtu mmoja mkarimu sana anayekaa mbali na kutuachia chakula chake. Nilimpenda.

Kanisio na baba yangu walikwenda pamoja vita vya Uganda, kabla mimi sijazaliwa. Walikuwa vijana, hata ndevu hazijakaa vizuri. Baba alirudi peke yake. Bibi alikwenda kumpokea barabarani, akamshika mkono, akamwuliza, "Osmundi, mwenzio umemwacha wapi?" Baba akajibu, "Yuko nyuma, Mama. Anakuja." Jioni ile ile sahani ya kwanza ikaja sengu. Habari hii kila mtu alikuwa anaisimulia kama habari njema, na Bibi mwenyewe ndiye aliyeisimulia kuliko wote. Barua ya serikali ilipokuja baadaye, inasema kijana hajulikani alipo, Bibi akacheka. "Wao hawajui. Osmundi anajua. Yuko nyuma." Kila gari la abiria lililofika kutoka Kitai, njia ya Songea, akiwa mjini, lazima amwulize konda kama hajamwona kijana mrefu mwenye pengo.

Sasa, mnakumbuka jinsi vitu vilivyokuja ghafla. Jana dukani kuna chumvi na viberiti tu, kesho kuna redio za kila rangi. Wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia, na nyuma yao wakaingia wenye mabanda ya video. La kwetu mjini Mbinga lilikuwa la kijana mmoja kutoka Songea, mpole tu, hana neno na mtu. Jenereta nje, pazia la gunia mlangoni, ndani mabenchi na televisheni. Anaonyesha sinema, halafu sinema ikiisha anachomeka gemu la sinema ile ile, vijana wanapokezana pedi.

Sinema iliyowashika ilikuwa ya askari mwenye kovu shavuni. Alipigana porini, akavuka mito, akaua watu mpaka hesabu ikapotea, na mwisho akafia darajani. Niliiona kwa kuchungulia kwenye tundu la gunia, nikalia sana. Kisha likawekwa gemu, na namwona nani? Yeye yule! Kovu lile lile! Yuko hai, amekuwa mdogo kama mdoli, na anakwenda Otmari anakotaka aende. Jamani, nilikuwa na miaka tisa. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa mpaka nikapata jibu: kumbe watu wanaopotea vitani hawafi, wanachukuliwa na kuwekwa humo ndani, na kazi yao ni kupigana kila siku mpaka aje mtu wa kwao kuwatoa. Jibu hilo sikumwambia mtu. Laiti ningemwambia mtu!

Otmari alikuwa na miaka kumi na mitano na akili zake zote zikahamia bandani. Siku ya kwenda kulima anaumwa tumbo, siku ya banda amepona. Vijana wakaanza kulengana kwa vijiti kwenye mashimo ya ngoro, yale ya kulimia mteremkoni, wakirukia matuta na kubomoa kazi ya mama zao. Wazazi wakalalamika kwenye jumuiya ya kanisa, na jumuiya ikasema kila ukoo ukaamue wenyewe kama gemu lile linawafaa vijana wake. Likaja sengu.

"Lichomwe moto," akasema baba mkubwa.

"Umeliona?" Babu akamwuliza.

"Nimesikia."

"Sengu haihukumu kwa kusikia." Babu akamgeukia baba. "Osmundi, wewe vita umeviona kwa macho yako. Kaliangalie hilo, Jumapili jioni utuambie kama ni la vijana au si la vijana."

Baba aliitazama sahani ya Bibi iliyokuwa pale kando ya Babu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa naisubiri, ndiyo maana niliona. Akasema, "Sawa, Baba."

Jumamosi nikafuatana naye mjini, tulikuwa tumetumwa chumvi. Bandani tulimkuta Otmari pedi mkononi. Alipomwona baba akataka kukimbia. "Kaa," baba akasema. "Endelea. Nimetumwa kuangalia." Akakaa benchi la mbele, kofia magotini, mimi pembeni yake. Vijana wakatulia kama wako kanisani. Otmari akaanza kwa woga, halafu mchezo ukamnoga akasahau. Askari wa kovu akapita porini, akafika mtoni. Kuna daraja limebomoka, inabidi avuke majini, na ng'ambo kuna watu wenye bunduki.

Nikasikia benchi linatetemeka. Baba ameinama mbele, macho hayapepesi. Ghafla akapiga kelele, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena: "Lala chini! Kanisio! Kanisio, lala chini!"

Askari akaanguka majini. Otmari, hajui la kufanya, akabonyeza kidude. Askari akasimama, mzima, anasubiri kuamrishwa.

Baba akatoka nje mbio. Nilimkuta nyuma ya banda ameushika ukuta anatapika. "Baba, unaumwa?" Akasema ni jua. Tukarudi nyumbani bila chumvi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Baba amemwona Kanisio! Mwanamume mzima amepigwa na mshtuko wa furaha, nilidhani, kama mama alivyozimia dada yake aliporudi kutoka Malawi. Usiku ule niliona hata usingizi unanichelewesha. Jumapili misa ilipokwisha tu, nikakimbia mpaka kwa Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unahema?"

"Bibi, Kanisio ameonekana."

Alikuwa anapepeta. Ungo ukabaki mikononi. "Nani kamwona?"

"Baba. Jana, mjini. Yumo kwenye lile gemu la Otmari. Baba amemwita kwa jina lake, mimi mwenyewe nimesikia kwa masikio yangu!"

Hakuuliza gemu ni kitu gani. Naamini hata ningesema yumo ndani ya chungu angechungulia. Aliniuliza kitu kimoja: "Amekonda?" Nikasema hapana, ana kovu tu. Akaweka ungo chini, akaoga, akavaa khanga ambazo sikuwahi kuziona, zina mikunjo ya miaka, zinanuka sanduku. Akawasha moto akapika ugali na usipa. Akapakua kwenye sahani hii, akaifunika kwa nyingine, akaifunga kitambaa, akanitwisha. Kazi yangu ilikuwa ni ile ile ya kila siku, ila leo napeleka kwa mwenyewe.

Njiani alitembea mbele yangu kwa kasi, mwanamke ambaye kwenda kisimani tu alikuwa anapumzika mara mbili. Kila tuliyekutana naye, Bibi ndiye aliyetangulia kumsalimia. Hakumwambia mtu tunakokwenda. Alikuwa anajihifadhia habari yake.

Banda lilikuwa limejaa. Bibi akainua pazia la gunia, akasimama na khanga zake mpya za zamani. "Hodi wanangu."

"Karibu Bibi, shikamoo," wakaitikia, wengine wakificha sigara.

"Marahaba. Nimeambiwa mwanangu yumo humu. Nimekuja kumchukua."

Wawili watatu wakacheka. Wakatazamana, kicheko kikaisha. Mwenye banda akampisha benchi la mbele, akasema kwa adabu, "Bibi, huenda wamekosea kukuambia. Humu ni mchezo tu." Bibi akasema basi auone huo mchezo. Pedi ilikuwa kwa Otmari. Alinitazama, akaitazama sahani kichwani pangu, na uso wake ukabadilika rangi. Yeye alikuwa ameelewa. Mimi bado.

"Cheza, baba," Bibi akamwambia. "Usiogope."

Otmari akacheza. Bibi akasogea karibu mpaka pua inakaribia kioo, akaweka kiganja juu ya yule askari. "Si yeye," akasema. Akatazama tena. "Si yeye. Kanisio ni mrefu." Askari akafika mtoni, Otmari akakosea kubonyeza, askari akaanguka. Bibi akashtuka, akashika kifua. Askari akainuka.

"Mbona ameinuka?"

"Ndivyo lilivyo, Bibi," Otmari akasema, analia sasa. "Akifa anaamka, anaanza tena."

Hapo ndipo baba alipoingia. Mama alikuwa amenikosa, akauliza, watu wakamwambia wametuona njiani kwenda mjini. Baba alikuwa amekimbia na viatu vyake vya misa, jasho linamtiririka. Mwenye banda akazima televisheni. Bibi akageuka, na kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuuliza bei ya chumvi, akasema:

"Osmundi. Huyu mtoto anasema jana ulimwita mwanangu."

Baba akapiga magoti. Mbele ya vijana wale wote, baba yangu, aliyekuwa hapigi magoti ila kanisani. "Mama, alianguka mtoni. Nilimwambia alale, hakusikia, maji yalikuwa na kelele."

"Ukamwinua?"

"Hapana, Mama."

"Hukumwinua."

"Maji yalimchukua. Sikuweza, Mama. Niliogopa."

Nje jenereta lilikuwa bado linaunguruma, nakumbuka nikichukia kwamba halinyamazi. Bibi akauliza, "Na ile ya kuwa yuko nyuma?"

"Nilikuona umevaa khanga mpya," baba akasema, "nikashindwa."

Khanga zilikuwa hizi hizi. Alizivaa siku ile ya barabarani, akazikunja, akaziweka zimsubiri mwanawe. Ndipo na mimi nikaelewa, wenzangu. Nikaelewa yote kwa mpigo: Kanisio hayumo ndani ya kitu chochote, hajawahi kutuachia chakula, na ni mimi, na mdomo wangu, niliyemleta huyu mama hapa. Nikataka kupiga kelele lakini nilikuwa na sahani kichwani na nilikuwa nimefundishwa kutoiangusha.

Bibi akanitua. Akafungua kitambaa, akaweka sahani kwenye benchi katikati ya vijana. "Kuleni," akasema. "Kitapoa." Hakuna aliyenyoosha mkono. "Kuleni wanangu. Sikupika ili kimwagwe." Otmari akaanza. Alimega tonge, akachovya, akatafuna, machozi na kamasi vinaingia mdomoni, na mmoja mmoja wenzake wakamfuata mpaka sahani ikaisha.

Jioni ile sengu ilikaa kabla jua halijaingia mlimani. Habari ilikuwa imeshafika kila jiko. Tulipeleka sahani, watu wakanawa, hakuna aliyekula. Babu hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. Akasema taratibu, "Osmundi, tulikutuma. Gemu linawafaa vijana au haliwafai?"

Baba akainuka, kofia mkononi.

Bibi akatokea upande wa mgomba, sahani mkononi, imeoshwa, tupu. Wanawake hawakai sengu, wanaleta na kuondoka. Yeye akasimama palepale. "Shikamoo Kaka," akamwambia Babu. "Nimelisha hapa miaka yote hii. Leo naomba neno."

Babu akatikisa kichwa kukubali.

"Nimesikia mmekaa mara mbili kwa ajili ya kitu kile cha mjini. Mnauliza kama kinawafaa watoto. Ni vizuri. Otmari ana miaka kumi na mitano, mnamuonea huruma asiharibike." Akaigeuza sahani mikononi. "Kanisio alikuwa na kumi na tisa. Ule mchezo wa kweli, vita vyenyewe, ulipomwita, alitoka nyumba hii hii, alikula hapa, hapo ulipokaa wewe Kaka. Mlimpigia makofi. Na mimi nilipiga. Sengu haikukaa. Hata siku moja haikukaa kuuliza kama unamfaa."

Babu alikuwa anatazama miguu yake. Baba alikuwa amejifunika uso na kofia. Hukumu ya gemu haikutolewa jioni ile wala jioni nyingine yoyote.

Bibi akaweka sahani tupu chini mbele ya Babu. Otmari akainuka mbio, akaiokota, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Bibi, umesahau sahani yako."

"Sikuisahau," akasema. "Kaeni nayo. Sina tena wa kumpakulia."

Tuliweka matanga bila mwili. Baba na Otmari walichimba shimo, wakazika jembe la Kanisio na shati lake la shule. Bibi hakufika masika ya pili. Baba aliichukua ile sahani akaitundika ukutani chumbani kwake, na hakuna aliyeilia mpaka anakufa. Otmari hakukanyaga tena bandani, hakukatazwa. Mimi sikupigwa, sikugombezwa, hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba nilikosa, na ningefurahi kama wangeniambia. Wakati mwingine wanasema heri Bibi alijua kabla hajafa. Huenda. Mimi nakumbuka mgongo wake njiani, anavyokwenda kasi, na ile furaha niliyompa nusu siku nikamnyang'anya.

Jumapili ile iliyopita maharage yaliiva. Nikasonga ugali, nikakaanga usipa niliokuwa nimeletewa. Nikaiosha sahani ya Kanisio, nikapakua ndani yake, nikaiweka mezani. Otmari alirudi ndani, akaiona, akavuta kiti lakini hakunawa. Mwanangu akaja na njaa zake, akaweka simu pembeni, akala, akasifu dagaa, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho.

"Haya Mama," akasema, "umeshafikiria? Linanifaa?"

Otmari akanitazama. Nikavuta kiti na mimi, nikakaa, nikamwambia mwanangu, "Kwanza nikuambie umekula chakula cha nani."